Mguso ukikatika ndani ya ndoa: tutafute ulipokatikia

Mama mmoja anayeuza omena katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, aliniambia, tukiwa tumekalia magunia matupu, kwamba mumewe ana mwanamke mwingine. Nikamuuliza amejuaje. "Sista, mwaka mzima hajanigusa. Hata tukikutana mlangoni anajibana ukutani kama anayempisha mgeni." Hakuwa ameona ujumbe wowote kwenye simu, hakuwa amesikia neno kwa majirani, na pesa za nyumba zilikuwa zinakuja vilevile. Miezi minne baadaye mzee alipimwa, sukari ikapatikana iko juu sana. Nguvu zake za kiume zilikuwa zimeanza kupungua muda mrefu kabla ya hapo, naye akaona heri asimshike mkewe kabisa kuliko kuanzisha safari asiyoweza kuimaliza.

Wote wawili walikuwa wakilia ndani ya nyumba moja, kila mmoja na sababu yake, na hakuna aliyeijua sababu ya mwenzake.

Nimekuwa muuguzi kwa miaka 24, kwanza Nakuru, sasa Kisumu, na nimeolewa kwa miaka 26. Kisa kile ndicho kilichonifundisha kufuata jambo hili vile fundi wa stima anavyofuata waya, kuanzia kwenye mita hadi kwenye taa. Taa ikikosa kuwaka, watu hukimbilia kubadilisha balbu. Fundi anauliza kwanza stima ilipotea lini, na ni vyumba vingapi vilivyo gizani.

Kabla ya kumlaumu mtu

Ndani ya ndoa kuna mguso wa njiani na mguso wa kitandani. Wa njiani ni ule wa kupita: mkono begani mtu akipakua chakula, kushikana vidole mkitoka kanisani, kumfuta mwenzako unga shavuni. Wa kitandani mnaujua. Jiulizeni ni upi uliotangulia kufa.

Kama wa njiani ulikufa kwanza na wa kitandani ukabaki, mara nyingi shida iko kwenye mazoea, uchovu, au kinyongo kisichosemwa. Kama wa kitandani ndio uliotangulia, halafu ule wa njiani ukaufuata polepole, mimi huanza kuuliza habari za mwili: maradhi, dawa, maumivu, umri. Na kama yote miwili ilikatika karibu siku moja, basi kuna kitu kilitokea: msiba, mimba iliyotoka, usaliti, deni lililofichwa, dawa mpya. Hapo tafuteni tarehe. Nimeona watu wakihesabu miezi kwa vidole, kisha wakanyamaza ghafla kwa sababu vidole vimeishia kwenye mwezi waliomzika mtoto.

Dalili: ukimshika bega, anakaza mwili

Hii ndiyo ninayoletewa kuliko zote, na hii ndiyo nitakayokaa nayo.

Chukua mke aliyeamka saa kumi na nusu za usiku kuwahi lori la sukuma wiki. Jioni yuko kwenye jiko, mumewe anapita nyuma na kumshika kiuno. Katika nyumba hiyo mkono wa kiunoni saa hiyo una maana moja tu tangu mwaka juzi. Mke anajua akiukubali mkono, saa nne usiku itabidi aseme amechoka, na neno hilo litaleta kununa hadi asubuhi. Kwa hiyo anakataa mapema, pale pale jikoni: anakaza mgongo, anaita mtoto, anainama kuchochea makaa. Hakukataa mkono. Alikataa kile ambacho mkono umekuja kuomba.

Mume anaona kitu kingine. Anaona mkewe amechukizwa na mwili wake. Akishaona hivyo mara tatu, nne, anaacha kumgusa mchana, anabaki kumgusa usiku tu anapozidiwa. Sasa mkono wake kweli umekuwa ombi na si kitu kingine, na kile alichokihofia mke kimekuwa kweli kabisa. Mnaona jinsi kamba inavyojisokota yenyewe? Geuza majina kama unataka. Nimekutana na wanaume waliokuwa upande wa jiko, na wake zao wakienda kulala wakilia.

Kipimo chake ni rahisi. Kwa siku saba, kila mmoja ahesabu kimya kimya ni mara ngapi aligusa au aliguswa na jambo likaishia hapo hapo, bila kudai kitu. Msibishane juu ya hesabu, itajeni tu Jumapili jioni. Mkipata chini ya saba kwa wiki nzima, sababu mmeipata.

Matibabu yake yana historia. Mwaka 1970, William Masters na Virginia Johnson, watafiti wa St. Louis, Marekani, walieleza zoezi walilokuwa wakiwapa wenzi waliokwama: kwa muda fulani tendo la ndoa linapigwa marufuku kabisa. Badala yake wawili wanapeana zamu za kugusana, mwanzoni bila kufika kwenye matiti wala sehemu za siri, mgusaji akisikiliza tu ngozi ya mwenzake ilivyo, mguswa akisema kinachompendeza. Washauri wa ndoa bado wanalitumia hadi leo. Linafanya kazi kwa sababu linaondoa mtihani. Mwili ukijua kwamba usiku huu hakuna kitakachodaiwa, unalegea, na mwili uliolegea ndio unaoweza kukumbuka hamu.

Huku kwetu nimekuwa nikilieleza hivi. Chagueni usiku tatu kwa wiki, dakika 20, watoto wakishalala. Taa ndogo iwake. Tumieni mafuta yale yale ya kujipaka mliyo nayo nyumbani. (Ila mafuta huharibu kondomu za mpira, kwa hiyo wanaozitumia wajue hivyo siku marufuku itakapoondolewa.) Mmoja anasema kwa sauti, "Leo ni mgongo tu," na inakuwa mgongo tu. Mwenye zamu ya kuguswa anaelekeza kwa maneno mafupi: hapa, polepole, juu kidogo. Mkifika mwisho, geukeni mkalale. Wiki mbili za kwanza zote ziende hivyo.

Mume au mke atakayevunja ahadi usiku wa pili, akisema "lakini tulikuwa tumefika vizuri", atarudisha kazi nyuma kuliko ilipoanzia. Nasema hili kwa uzito. Nimeona wenzi wakishindwa hapa tu, mahali pengine wote walikuwa sawa.

Na mkishikana mikono tu, msidhani mmefanya kidogo. Utafiti wa James Coan na wenzake, uliochapishwa 2006, uliwalaza wanawake 16 walioolewa ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo, wakiambiwa huenda watapigwa mshtuko mdogo wa umeme. Waliposhikwa mkono na waume zao, sehemu za ubongo zinazoamka wakati wa hatari zilitulia kuliko waliposhikwa na mtu wasiyemjua, na wale waliokuwa na ndoa yenye furaha zaidi ndio waliotulia zaidi. Mkono wa mwenzako unaambia ubongo wako kwamba hauko peke yako. Hapo hakuna kitanda kilichotajwa.

Dalili: mchana mnacheka, usiku anatafuta sababu

Hapa fikiria mwili kwanza. Nawaomba.

Mama anayenyonyesha ana homoni ya prolaktini juu na estrojeni chini. Uke hukauka, hamu hushuka, na si kosa la mtu. Kuna jingine ambalo wanaume hawaambiwi: mtoto amemning'inia mchana kutwa, amemvuta nywele, amemng'ata chuchu. Ifikapo usiku ngozi yake imeshiba kushikwa. Baba anayetaka kumgusa mama huyo aanze kwa kumchukua mtoto, amwache mama aoge maji moto taratibu na akae nusu saa bila mkono wowote juu yake.

Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, huweza kupata ukavu huo huo na maumivu makali. Wengine wameambiwa na waume zao kwamba ukavu ni dalili ya kutopenda, au ya kutoka nje. Huo ni uongo unaovunja nyumba. Kilainishi cha maji kisicho na manukato kinauzwa kemisti, na daktari anaweza kuandika krimu ya estrojeni. Maumivu wakati wa tendo kwa mwanamke wa umri wowote, uchafu wenye harufu, au damu baada ya tendo: nenda kliniki, usivumilie. Anayevumilia maumivu kitandani mwaka mzima atajikuta anaogopa hata kukumbatiwa sebuleni, kwa sababu mwili hauna mpaka kati ya mahali hapa na pale.

Kwa wanaume, mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, kwa hiyo ugonjwa wa mishipa huweza kuonekana kitandani miaka kadhaa kabla ya kuonekana kifuani. Sukari na presha ndizo za kupimwa mwanzo. Baadhi ya dawa za presha na za sonona pia hupunguza nguvu au hamu. Usiziache ghafla, mwambie daktari, kuna nyingine za kubadilisha. Na ile poda ya kando ya barabara, inayosifiwa na spika juu ya gari, iache. Baadhi ya poda kama hizo zimewahi kupatikana zimechanganywa kwa siri na sildenafil, dawa ambayo kwa mgonjwa wa moyo anayemeza dawa za jamii ya naitreti inaweza kuangusha presha hadi kufa.

Baba, kama ndiwe uliyejibana ukutani kama yule wa Kibuye, sema sentensi moja tu usiku huu: "Mwili wangu una shida, si wewe." Mengine yatafuata. Mke asiyeambiwa atajitungia hadithi, na atakayoitunga itamuumiza kuliko ukweli.

Dalili: hakuna ugomvi, lakini kila mtu amelala upande wake

Tulipohama kutoka Nakuru kuja Kisumu nilidhani mume wangu amenichoka. Kule Nakuru, mita 1,800 na zaidi juu ya usawa wa bahari, baridi ya Julai ilikuwa ikitusogeza pamoja bila mtu kuombwa. Kisumu ni mita 1,100 hivi. Usiku wa kwanza wa Februari chini ya neti, jasho likitiririka, alisogea mbali hadi ukingoni mwa kitanda. Nilikaa wiki kadhaa nikiwa na donge kooni. Nilipomuuliza hatimaye alishangaa sana: "Mama, ni joto!"

Msicheke sababu ndogo kama hizi, ndizo nyingi. Sisi tulihamisha mguso ukaenda saa kumi na moja alfajiri, nyumba inapokuwa imepoa. Usiku tukabaki na nyayo tu kugusana. Na jioni tukawa tunakaa nje kwenye benchi, mabega yameegemeana, kabla mbu hawajatufukuza.

Sababu nyingine ya dalili hii ni nyumba yenyewe. Chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Nyalenda, Kisumu, au Langa Langa, Nakuru, kitanda nyuma ya pazia, watoto watatu kwenye godoro upande wa pili, ukuta wa mabati na jirani anayekohoa. Wazazi hujifunza kulala kama magogo. Wazee wetu walikuwa wametatua hili: katika boma la Wajaluo wasichana walilala siwindhe, yaani nyumba ya nyanya, na mvulana akikua alijengewa simba yake, yaani kibanda chake mwenyewe. Ploti ya mjini ilituondolea siwindhe na haikutupa kitu mahali pake.

Kwa hiyo itafuteni. Jirani mnayeaminiana naye achukue watoto wote Jumamosi alasiri moja, wiki ijayo wake waje kwenu. Likizo, watoto waende kwa nyanya hata kwa siku nne. Na mtoto aliyefikisha miaka mitatu bado yuko katikati yenu kitandani, anzeni kumhamisha, hata kama godoro lake litakuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Baba wengi wamehamishwa na mtoto wa mwisho na hawajawahi kurudi.

Lakini mguso wa njiani hauhitaji nyumba kubwa. Huu unaweza kukaa mbele ya watoto, na ni vizuri waone.

Dalili: anarudi mwisho wa mwezi, mnakuwa kama wageni

Dereva wa malori ya Malaba, askari aliyepelekwa mbali, mwalimu aliyepangiwa kaunti nyingine. Anafika Ijumaa usiku, na wote wawili wanajua kwamba usiku huo lazima. Lazima hiyo ndiyo inayoua. Mwili wa mtu aliyelala peke yake siku 28 umejifunza kulala peke yake.

Kubalianeni kwenye simu, kabla hajapanda gari, kwamba usiku wa kwanza ni wa kuoga, kula na kulala mmeshikana. Mkiwa na hamu zote wawili, hakuna aliyewakataza. Cha maana ni kwamba hakuna anayedaiwa. Mimi napenda sana desturi ya kumnawisha mtu mikono kabla ya ugali, jagi mkono mmoja na beseni mkono mwingine. Mnawishe mwenzako mwenyewe, usimtume mtoto. Umkaushe vidole kwa taulo, kimoja kimoja. Mke amnawishe mume usiku wa kwanza, na usiku wa pili mume amnawishe mke. Mzee mmoja wa Kakamega aliniambia hilo la pili haliwezekani kwao. Alilijaribu mlango ukiwa umefungwa, na mkewe alikuja kunieleza akiwa amejifunika uso kwa leso.

Dalili: "sisi hatukulelewa hivyo"

Sikuwahi kumwona baba yangu akimshika mama mkono, na walipendana. Sishindani na malezi ya mtu. Ila angalieni vizuri, kwetu kugusana kulikuwepo, kulikuwa na kazi tu: kusukana, kukatana kucha, kutoana mwiba, kupakana mafuta mgongoni pasipofikika. Anayeona aibu kukumbatia aanzie hapo. Mwiba unahitaji mkono, na mkono ukishafika mguuni hauna haraka ya kuondoka. Busu liwe la mwisho kwenye orodha yenu kama hamkulizoea. Kuna ndoa njema zisizo na busu hata moja.

Dalili: tangu majibu ya kliniki, amehamia kochi

Huku upande wa Ziwa Victoria jambo hili halikwepeki. Mmoja ana VVU, mwingine hana, au wote wanavyo na kila mmoja anamlaumu mwenzake. VVU havienezwi kwa kukumbatiana, kushikana, kulala kitanda kimoja wala kubusiana. Anayemeza dawa zake za ARV kila siku, na virusi vyake vikashuka hadi visionekane kwenye kipimo na kubaki hivyo, haambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Na asiye navyo anaweza kumeza PrEP, vidonge vya kumkinga asiambukizwe. Utafiti mkubwa uliothibitisha kinga hiyo kwa wenzi wenye hali tofauti, uliochapishwa 2012, ulifanywa Kenya na Uganda, na Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Wenzi wa kwetu hapa ndio walioifundisha dunia jambo hili. Kwa hiyo rudi kutoka kwenye kochi. Kama bado moyo haujakubali tendo, rudi na mkono wako tu. Mwenzako hajashikwa na mtu yeyote tangu siku ile, isipokuwa sisi wauguzi tunapomtoa damu.

Usitumie mwongozo huu ikiwa

Ikiwa anakupiga, au anakulazimisha. Mwili unaojikaza mbele ya mtu anayeuumiza haujaharibika, unakulinda. Sheria ya Kenya ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inahesabu ukatili wa kingono ndani ya ndoa kuwa ukatili. Simu ya bure ni 1195, usiku na mchana. Mazoezi ya mgongo na mafuta hayawahusu ninyi.

Na kama kuna usaliti uliojulikana juzi, msianze kugusana ili kufunika. Zungumzeni kwanza, pamoja na mtu mnayemheshimu wote wawili, na mguso utakuja wakati wake.

Mkifika wiki ya nane bila badiliko

Nendeni hospitali, pamoja ikiwezekana. Najua kinachowashinda: ni kusema mbele ya meza ya daktari, pengine kijana wa umri wa mwanenu. Watu wengi huja kwangu wakisema wanaumwa mgongo, wanapewa dawa za mgongo, wanaondoka. Andikeni maneno kwenye karatasi mkiwa nyumbani. Mwanamke aandike: "Nasikia maumivu wakati wa tendo la ndoa, yalianza mwezi fulani." Mwanaume aandike: "Uume wangu hausimami vizuri, nataka kupimwa sukari na presha." Chini yake orodhesheni kila dawa mnayomeza, pamoja na sindano ya kupanga uzazi na miti shamba. Mkikosa sauti, mpeni daktari hiyo karatasi aisome.